Ami kaniachia sanduku la santuri za magendo, niziuze au nibaki nazo? Naombeni ushauri

Mtoto_wa_Kiponda
Assalam aleikum wana jamvi. Hili jambo linanikaa kichwani mwezi wa pili huu na nyumbani sina wa kuzungumza nae maana kila mtu keshaamua lake, nalileta kwenu.

Ami yangu Mungu amrehemu alikuwa baharia, miaka ya sabini kafanya kazi melini akipita Hamburg, Rotterdam, London, na kila akirudi wenzake wanateremka na redio na vitambaa, yeye anateremka na sahani za santuri. Alipofariki sanduku likaja kwangu kwa kuwa wenyewe hawakulitaka. Sahani 43. Nusu yake hazina hata jina la kampuni, kava jeupe tupu limegongwa muhuri wa mpira au limebandikwa karatasi ya fotokopi, lebo haina kitu. Nikadhani ni taka. Mashine yake nikaipeleka kwa fundi Mlandege akaitia mkanda mpya, nikaweka ya kwanza iliyonijia mkononi, kumbe Queen, kile kikundi cha Uingereza, wako jukwaani, na muimbaji wao Freddie Mercury kwetu si mgeni, kazaliwa hapa hapa Unguja 1946. Sauti mbaya nisiseme uongo, kama mtu anaimba ndani ya pipa. Lakini baina ya nyimbo unamsikia mtu alokaa karibu na maikrofoni anakohoa, mwengine anamuuliza mwenzake kitu, halafu watu wanaanza kuimba kabla ya muimbaji. Nilikaa pale sakafuni mpaka adhana ya alfajiri. Zile rasmi nshazisikia mara ngapi sijui, ule ni wimbo, hii ni usiku wenyewe.

Tangu siku ile nimeshikwa. Nnaagiza Ulaya, ya mwisho nimelipa laki na themanini pamoja na posta, na mwezi huo huo ada ya skuli ya mtoto ikachelewa. Mke wangu hajasema neno, na huko kunyamaza kwake ndio kunakoniuma. Sasa katokea mgeni anataka sanduku zima la ami kwa bei nzuri. Na dada yangu anasema hii ni mali ya wizi, mwenye nyimbo hakulipwa, kuuza haramu na kuweka haramu. Nifanyeje jamani? Na kava zimeanza kuingia koga.

Kijana_wa_Amani
Uza kaka. Ada ya mtoto kwanza, hayo mengine utasikiliza kwenye simu.

Mzee_Kinanda
Mwanangu, usimjibu huyo mgeni kabla hujajua ulichonacho. Watu wanachanganya vitu vitatu hapa. Ipo feki, mtu kaigiza sahani ya dukani mpaka kava na nembo akuuzie kama ya kweli. Ipo ya kudurufu, nyimbo zile zile zilizokwishatoka kazimwaga kwenye sahani nyengine bila ruhusa. Na ipo ya magendo yenyewe, wenyewe wanaiita butlegi, ambayo ndani yake mna kitu kampuni haijakitoa kabisa, onyesho, mazoezi, nyimbo zilizoachwa studio. Anaekusanya anaitafuta hii ya tatu, hizo mbili za mwanzo hazina utamu.

Ilofungua mlango ilitokea Los Angeles 1969, sahani mbili za Bob Dylan, muimbaji wa Marekani, kwenye kava jeupe, ikaitwa Great White Wonder, mna vitu alivyorekodiwa Minneapolis 1961 na vyengine vya 1967 alivyopiga na wenzake faraghani kwenye nyumba upande wa Woodstock. Watu walivitaka hivyo vya 1967 mpaka kampuni yake ikatoa baadhi rasmi mwaka 1975, na 1991 ikaanzisha mfululizo wa rekodi zake zilizofichwa na jina ikaupa hilo hilo la butlegi. Kwahiyo zile za muhuri wa mpira za ami yako ziangalie vizuri, huo ndio mtindo wa wakati ule.

Sasa chukua taa, tazama pale mifereji inapoishia karibu na lebo. Utakuta herufi na namba zimekwaruzwa kwa mkono. Ziandike daftarini zote, moja moja, ndizo zitakazokwambia chapa ni ipi. Na ujue magendo nayo yanaigizwa, mtu anachapa upya butlegi ya zamani anakuuzia kwa bei ya ile ya mwanzo. Hiyo laki na themanini ulimuuliza muuzaji namba hizo?

Wala usishangae kushikwa. Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928 kurekodi kwa kampuni ya santuri ya HMV, akatuletea sauti yetu kwenye sahani, lakini upande mmoja ulikuwa dakika kama tatu. Taarab ya dakika tatu! Watu kuinuka kutunza, ubeti kurudiwa kwa sababu kuna mtu umemchoma, hayo yatakaa wapi?

Binti_Mkunazini
Mie sina utaalamu wa sahani, nasema kwa uchungu wangu tu. Baba alikuwa anapiga fidla kwenye taarab na kanda zao zilidurufiwa madukani miaka na miaka, unapita njiani unamsikia baba yako anapigwa na mwenye duka anapokea pesa, na nyumbani hatuna mafuta ya taa. Hakupata hata shilingi. Sheria ya hakimiliki ya Zanzibar imekuja 2003, yeye keshakuwa mtu mzima mkono unatetemeka. Kwahiyo dada yako usimpuuze, anasema kweli.

Lakini nikwambie na hili. Alipokufa tukatafuta sauti yake, hizo kanda za madukani zina fidla ndio, ila yeye hayumo, wamo kikundi kizima. Ikatokea kanda moja, mtu kaitegea redio yake chini ya kiti harusini bila ya kumuomba ruhusa mtu, mna baba anapiga peke yake kabla watu hawajajaa, halafu anakosea, anacheka, anasema ngoja ngoja. Hiyo ndio pekee nnayomsikia anacheka.

Mpemba_wa_Wete
Ndugu yangu mie la koga tu. Sahani zisimame wima, ukizilaza moja juu ya moja zinapinda na joto letu hili. Sanduku liondoke sakafuni leo hii, na lisigusane na ukuta, ukuta wa mawe na chokaa unavuta maji masika yote. Kuosha tumia maji safi yale ya kuongezea betri (yasiwe ya asidi), tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, ufate mfereji, lebo isilowe. Ukikuta zile nzito za zamani za 78 (zinazunguka mara 78 kwa dakika) zinazovunjika kama kigae usitie spiriti kabisa, inayayusha, na sindano yake ni nene si hii ya LP, yaani sahani za plastiki za baadae.

Mtoto_wa_Kiponda
Shukrani sana. Mzee wangu sikuuliza namba, nimeangalia jana usiku ni chapa mpya, nimeliwa. Nimemwambia mke wangu yote na nimemuahidi siagizi tena nje. Za ami siuzi, mgeni nishamwambia. La dada yangu bado linanisumbua, nnachoweza ni kuwa zile ambazo baadae zilitoka rasmi nizinunue rasmi kidogo kidogo, sijui kama inatosha.

Bi mkubwa, hiyo kanda ya baba imehifadhiwa? Fundi wangu ana deki nzuri, tunaweza kuihamishia kwenye kompyuta bila malipo.

Mzee_Kinanda
Ikiwa imekaa miaka isirudishwe nyuma kwa kasi, mkanda unaweza kuwa umegandana. Fundi aifungue kwanza atazame.

Binti_Mkunazini
Ipo kwa dada yangu Chake, anakuja na boti Ijumaa. Ntaileta mwenyewe Mlandege. Ila tafadhali msiipige kabla sijafika.