Kozi ya Agano Jipya chuo kikuu: wanasoma nini hasa, na ina kazi gani leo?

Njiapanda
Wakuu, salaam. Kozi ya Agano Jipya kwenye shahada ya theolojia inatofautianaje na mafundisho ya kipaimara? Kigiriki ni lazima? Na nje ya mimbari elimu hiyo inamfaa nani?

Msoma Pembeni
Karibu mkuu. Darasani unaanza kwa kuuliza nani kaandika, kwa ajili ya nani, na alikuwa na maandishi gani mbele yake. Jaribu mwenyewe na habari ya mwenye kupooza: Marko 2:1-12, Mathayo 9:1-8, Luka 5:17-26. Laza karatasi, piga safu tatu, nakili mstari kwa mstari. Kisha shika penseli: nyekundu kwa maneno yaliyomo kwa wote watatu, bluu kwa ya wawili, kijani kwa ya mmoja.

Kwa Marko paa linachimbwa, maana ni la udongo. Kwa Luka mgonjwa anapitishwa kwenye vigae, paa la mjini. Mathayo hana paa kabisa, kaifupisha habari. Ila angalia Yesu anaposema "lakini mpate kujua…": sentensi inakatika, anageukia mgonjwa. Imekatika palepale kwa wote watatu! Watu wasiosomana hawakatishi sentensi mahali pamoja. Hii ni mojawapo ya sababu za wataalamu wengi kushika kwamba Marko alitangulia, na Mathayo na Luka wakamtumia.

Wengi huanguka hapa: wanazichanganya habari tatu kuwa moja kabla ya kuzilinganisha, halafu insha nzima inafafanua injili mpya ambayo haimo kwenye Biblia yoyote.

Alfa na Omega
Kigiriki: inategemea chuo, kwa hiyo omba muhtasari wa kozi kabla ya kujisajili. Alfabeti haisumbui, wiki inatosha. Msamiati nao una nafuu: maneno kama 300 yanayojirudia mara 50 au zaidi yanabeba takriban asilimia 80 ya Agano Jipya lote. Yaandike kwenye vikadi, kumi kwa siku, na urudie ya jana kwanza.

Wengi hukwama kwenye maumbo ya kitenzi yanayofanya kazi ya kivumishi. Wamekariri majedwali bila kusoma matini, basi wakikutana nayo ndani ya sentensi hawayatambui. Anza mapema kusoma 1 Yohana. Sentensi zake ni fupi na maneno ni yaleyale. Biblia yenye tafsiri chini ya kila neno iache kwanza, jicho litakuwa linakimbilia chini tu.

Mama Sinodi
Kuhusu leo. Marko 16:18 inataja kushika nyoka na kunywa sumu bila kudhurika, na wapo wahubiri wanaouchukua mstari huo kama ahadi ya kujaribiwa. Sasa, kodeksi (hati za kale zilizoandikwa kwa mkono na kufungwa kama kitabu) Sinaiticus na Vaticanus, zote za karne ya 4, Injili ya Marko inaishia 16:8. Mistari 9-20 haimo. Biblia nyingi za siku hizi huiwekea mabano au tanbihi, na waumini wanapita tu. Mchungaji aliyesoma somo hili anajua la kujibu kabla mtu hajadhurika.

Mfano wa pili ni 1 Wakorintho 14:34-35, wanawake wanyamaze. Katika hati chache za kale, ile iitwayo Claromontanus ikiwemo, mistari hiyo imewekwa baada ya mstari wa 40. Tena 11:5 Paulo anazungumzia wanawake wanaosali na kutoa unabii kana kwamba ni jambo la kawaida. Ila msikimbilie kusema imechomekwa: hakuna hati ya Kigiriki inayojulikana ambayo haina mistari hiyo kabisa. Anayejadili upadrisho au uchungaji wa wanawake kwenye kikao na hajui haya yote mawili, anapiga kelele tu, awe upande wowote.

Njiapanda
Asanteni sana. Na imani haiyumbi?

Msoma Pembeni
Huyumba zaidi kwa aliyeambiwa kwamba Biblia ilishuka ikiwa imejalidiwa. Orodha ya kwanza tuliyonayo inayotaja vitabu 27 hivi tulivyo navyo, bila kuzidi wala kupungua, ni ya barua ya Athanasio wa Aleksandria, mwaka 367. Ukiijua tarehe hiyo mapema, mhadhara wa kanoni (orodha rasmi ya vitabu vya Biblia) haukushtui.

Na kabla ya kulipa ada, hakikisha chuo kinatambuliwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), au CUE (tume ya elimu ya vyuo vikuu) kwa Kenya, na kwamba ithibati ni ya programu yenyewe, siyo ya chuo tu. Ukitaka kufundisha CRE au Divinity (masomo ya dini ya Kikristo) sekondari, uliza pia kama shahada ina masomo ya ualimu. Theolojia tupu mara nyingi haitoshi.