Mzazi kaongezewa saa za kazi, familia inafutiwa Medicaid: miezi 12 ya TMA mnaificha kwa nini?

Wakuu, hili limezidi. Hapa Marekani mzazi anaongezewa saa za kazi, muda si mrefu barua inatua: kipato kimevuka kiwango, Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) inafungwa mwisho wa mwezi. Basi. Hakuna hata mstari mmoja unaotaja miezi 12 ya kuendelea na Medicaid ambayo sheria imempa.

Haki hiyo inaitwa Transitional Medical Assistance, TMA, yaani Medicaid ya mpito, ipo kifungu cha 1925 cha Sheria ya Hifadhi ya Jamii, na mwaka 2015 Bunge liliifanya ya kudumu. Ni ya mzazi au mlezi aliyekuwa kwenye kundi la Medicaid la wazazi na walezi, akavuka kiwango kwa sababu ya pesa ya kazi, alikuwa na Medicaid angalau miezi 3 kati ya 6 iliyopita, na bado anaishi na mtoto anayemtegemea. Aliyesajiliwa kundi la watu wazima, lile la kipato hadi asilimia 138 ya mstari wa umaskini, TMA haimhusu, kwa hiyo ulizeni kwanza mmewekwa kundi gani.

Uozo unaanzia kwenye faili. Karani anajaza "kipato kimezidi" bila kuonyesha kwamba kilichozidi ni mshahara, na familia inatupwa nje badala ya kuhamishiwa TMA. Si fadhila hiyo jamani, ni wajibu wao kukagua kila njia nyingine kabla ya kufunga!

Halafu fomu. Majimbo mengine yanatoa miezi 12 kwa mkupuo, mengine yanaigawa 6 na 6. Kwenye mgawanyo, taarifa ya mshahara na gharama za kulelewa mtoto inatakiwa ifike isizidi tarehe 21 ya mwezi wa 4 tangu TMA ianze, kisha wa 7 na wa 10. Ukikosa ile ya mwezi wa 4, nusu ya pili imekwenda. Nusu ya kwanza haina kikomo cha kipato. Ya pili wanachukua wastani wa mshahara kabla ya makato kwa miezi 3, wanatoa ada ya malezi, na kinachobaki kisizidi asilimia 185 ya mstari wa umaskini. Kisanduku cha malezi ukikiacha wazi, unahesabiwa mshahara wote.

Barua ikifika, angalia tarehe ya kufungwa. Kata rufaa kwa maandishi kabla ya siku hiyo ili matibabu yaendelee, ila jua kwamba ukishindwa wanaweza kukudai. Andika waziwazi: "Medicaid yangu imefungwa kwa sababu mshahara umeongezeka, naomba TMA." Ambatisha slipu za mshahara, baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Na watoto wasichanganywe na faili la mzazi. Tangu 1 Januari 2024, kila jimbo linatakiwa kumwacha mtoto wa chini ya miaka 19 kwenye Medicaid au CHIP (bima ya afya ya serikali kwa watoto) miezi 12 mfululizo, hata mshahara wa nyumbani ukipanda. Mliokatiwa watoto katikati ya mwaka kwa sababu hiyo, wekeni kwenye uzi huu maneno ya barua kama yalivyo, majina na namba za kesi mzifute.