Nyumba ya zamani pale Nyawera: je, nivunje sakafu ili nifungue nyumba ya chai?

Mama wa Nyawera:
Habari zenu, ndugu wa Bukavu. Nimekodi nyumba ya matofali iliyojengwa wakati mji huu ulipokuwa ukiitwa bado Costermansville, yenye kona ya mviringo na baraza linalotazama ziwa, nami ninakusudia kuweka humo meza sita na kuuza chai na mandazi. Watoto wangu wananisukuma nivunje sakafu ya granito niweke karo (vigae vya sakafu) zinazong'aa. Isitoshe, ukuta wa upande wa ziwa una unyevu, na juu ya mlango pana ufa ambao mwenye nyumba anasema ulitokana na tetemeko la Februari 2008. Nianzie wapi?

Fundi wa Kadutu:
Mama, sakafu usiiguse. Granito ni vipande vya mawe vilivyochanganywa na simenti kisha vikasagwa hadi vikalainika, na fundi wa kuitengeneza upya siku hizi anatafutwa kwa tochi. Isugue kwa maji na sabuni ya kawaida. Ndimu na siki usizikaribishe, kwa maana zinalila jiwe.

Kuhusu unyevu, wengi hukimbilia kupiga plasta ya simenti na rangi ya mafuta, lakini maji yakishafungiwa ndani ya tofali hutafuta njia, na baada ya miezi michache rangi inavimba kama andazi. Panda juu kwanza uangalie bati na mifereji. Mimi niliwahi kubandua ukuta mzima wa mteja, kumbe mfereji mmoja tu ulikuwa umeziba kwa majani ya mvokado.

Ufa nao upake kipande chembamba cha plasta, uandike tarehe juu yake. Plasta ikipasuka, ukuta bado unatembea. Hapo mwite injinia kabla ya kumkaribisha mteja yeyote.

Mwana Kabare:
Ninakubaliana na Papa Fundi, isipokuwa jikoni: huko weka karo, kwa sababu mafuta ya mandazi yakiingia kwenye granito hayatoki.

Kwa upande wa chai yenyewe, kumbuka kwamba mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye digrii 95 hivi. Ukiyamimina katika birika baridi, chai nyeusi hutoka imepooza, hata ukiongeza majani. Suuza birika kwa maji ya moto, funika, uache dakika 5. Na tafadhali, Mama, uza majani ya vilima vyetu vya Kivu. Ni aibu kunywa chai ya mbali huku mashamba yako pale juu.

Mama wa Nyawera:
Asanteni sana. Kijana amepanda juu leo asubuhi, akatoa kwenye mfereji kiota cha ndege na kandambili moja ya mtoto. Plasta nimeshaipaka juu ya mlango. Papa Fundi, niisubiri muda gani, mwezi mmoja au hadi mvua ziishe?

Fundi wa Kadutu:
Hadi mvua ziishe, Mama.