Naombeni ushauri: kijisanamu cha Kirumi bila karatasi, ninunue?

Mbeba_Begi: Wakuu, habari za jioni. Niko Naples, Italia. Kuna jamaa wa soko la vitu vya kale ananiuzia kijisanamu cha shaba nyeusi kisichozidi kiganja. Kijana mwenye kanzu fupi inayopepea, yuko kwenye ncha za vidole kama anacheza. Mkono mmoja kainua pembe ya kunywea, mwingine kashika kisahani. Eti ni mungu wa nyumbani wa Warumi, na ukijani wake ndio ushahidi. Anataka euro 300. Nimpe?

Bi_Makumbusho: Huyo ni Lar, mlinzi wa kaya, ndugu yangu. Kwa kawaida walikuwa wawili, kwenye kialtare kiitwacho lararium, mara nyingi jikoni au uani. Nenda Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano hapo karibu na Naples, Nyumba ya Vettii, uwaone ukutani: Lares (ndio wingi wa Lar) wawili wanacheza, katikati Genius, yaani roho mlinzi wa mwenye nyumba, amejifunika toga, lile vazi la Kirumi la kujitanda, kichwani, chini nyoka anajivuta kwenye sadaka. Walivikwa mashada, wakafukiziwa ubani na kumiminiwa divai, hadi Kaisari Theodosius alipopiga marufuku mwaka 392.

Kalamu_Kavu: Na hawakuwa peke yao. Kila kaya ilijichagulia miungu mingine ya kuweka pembeni ya Lares. Mwenye mfuko wa pesa ni Mercurius, wa wafanyabiashara. Mwenye usukani wa chombo ni Fortuna, wa bahati. Hata Isis, mungu wa kike wa Misri, alikaribishwa.

Fundi_Shaba: Ukijani si kitu, mkuu. Siki na chumvi vinautengeneza ndani ya siku chache. Na Naples hiyohiyo imekuwa ikitoa nakala za vitu vya Pompeii kwa watalii tangu karne ya 19. Pitisha ukucha ubavuni. Ukigusa mshono wa kalibu, shuku.

Mbeba_Begi: Mshono sijauona. Anaapa babu yake alikichimbua shambani miaka ya 60.

Bi_Makumbusho: Basi kajikaanga mwenyewe! Tangu sheria ya 1909, vya kale vinavyochimbuliwa Italia ni mali ya serikali. Akiwa mkweli, hicho ni cha magendo na wewe utakamatwa nacho uwanja wa ndege. Akiwa mwongo, umenunua chuma chakavu. Halisi kazitazame Makumbusho ya Akiolojia ya Naples, kwa bei ya tiketi tu.

Mbeba_Begi: Nimemwomba aandike habari za babu kwenye risiti. Kakunja meza.

Fundi_Shaba: 😂 Kesho utamkuta na babu mwingine.