Nimeonja tunda la Ohio lenye ladha ya topetope, nataka kulipanda uani. Naombeni ushauri

Mtu wa Muheza

Heshima kwenu wakuu. Niko Columbus, Ohio, mwaka wa sita huu. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Septemba iliyopita nilipita soko la wakulima Jumamosi asubuhi, natafuta majani ya maboga. Nikaona bibi mmoja wa Kizungu kaweka kibao: PAWPAW. Moyoni nikasema leo nakula papai la maana, siyo yale ya dukani yenye ladha ya maji. Kusogea, kapuni kuna vitu vya kijani vyenye madoa meusi, umbo kama viembe vilivyoangukiwa na gunia. Nikamwambia bibi, hili si papai. Akacheka, inaonekana si mimi wa kwanza. Akapasua moja katikati, akanipa na kijiko.

Wakuu, nilisimama pale kama mtu aliyeitwa jina lake. Nyama ya njano, laini, ndizi mbivu na embe kwa pamoja, halafu kwa nyuma inakuja topetope. Topetope kabisa, ile ya nyuma ya choo cha bibi yangu Muheza. Mbegu nyeusi zinateleza mdomoni, kubwa kama maharage. Nikanunua matano. Mama watoto kalamba kijiko kimoja akasema linanuka ndizi iliyosahauliwa kwenye begi la shule. Mtoto kala mawili. Yaliyobaki, kesho kutwa yake yalikuwa meusi, nikatupa.

Tangu siku hiyo nataka mti wangu mwenyewe. Nimefanya haya:

Mbegu nilizianika dirishani wiki mbili kama tunavyoanika za maboga, Oktoba nikazipanda kwenye makopo sebuleni. Mpaka leo Mei namwagilia udongo mtupu.

Jamaa ninayefanya naye kazi ana msitu nyuma ya kwa babu yake, umejaa miti hii. Anasema tangu utotoni inatoa maua kila mwaka, ila matunda ni ya kuhesabu kwa vidole. Mwezi uliopita akaniruhusu nikachimba mche mmoja unaonifika kiunoni. Umenyauka.

Mwisho nikatoa hela, nikanunua kitaluni mche wa kubebesha, yaani kitawi cha aina nzuri kilichounganishwa kwenye shina la mti mwingine, unaitwa Shenandoah. Nimeupanda katikati ya uwanja, jua la kutwa. Mtaa mzima miti imeshavaa majani, wangu ni kijiti.

Je, nimeua vyote? Na huu mmoja ukipona unatosha, au nitakuwa kama babu wa jamaa yangu? Natanguliza shukrani.

Chai ya Rangi

Mkuu umevuka bahari, ukavumilia theluji miaka sita, kumbe unatafuta topetope. Ungebaki Muheza tu.

Mama Limuru

Huku kwetu Kenya ukisema pawpaw unaletewa paipai, hakuna mjadala. Hilo lako kwa maelezo naona ni ndugu ya matomoko. Au nimekosea?

Fundi wa Uvira

Mama Limuru hujakosea. Ukoo ni mmoja: stafeli, topetope, matomoko na hili. Ndugu zake karibu wote wamebaki kwenye joto, huyu akahamia kaskazini akazoea. Wataalamu wanaliita Asimina triloba, na ni mti wa asili wa mashariki ya Marekani, hadi kusini mwa Ontario kule Kanada. Unastahimili baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri, kwa hiyo ndugu wa Columbus, baridi yenu haitauua. Wewe ndiye unayeweza kuuua.

Mimi ni mtu wa Uvira, sasa niko Louisville, Kentucky. Nina miti minne, miwili imeanza kuzaa. Frankfort si mbali na hapa, na Chuo Kikuu cha Jimbo la Kentucky wana shamba la utafiti wa tunda hili tangu 1990. Nilichojifunza ni hiki.

Mbegu zako zimekufa, achana nazo. Hii siyo mbegu ya boga. Ikikauka imekwisha. Ukitaka kuotesha, siku hiyohiyo unayokula, osha mbegu, zifunge na karatasi ya jikoni yenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki, weka kwenye friji, sehemu ya mboga, siku 90 hadi 120. Siyo sehemu ya kugandisha, hapo utaziua tena. Mbegu inataka kudanganywa kwamba imelala chini ya majani ya msituni ikapitiwa na baridi. Ukishaipanda, inateremsha mzizi kwanza, mrefu, na juu huoni kitu kwa wiki nyingi. Yangu ya kwanza ilitokeza Julai, na nilikuwa nimeshaitukana. Tumia kopo lenye kina, la sentimita 30 hivi. Na ujue mti wa mbegu unazaa baada ya miaka mitano hadi minane, na tunda lake si lazima lifanane na lile ulilokula.

Mche wa msituni nao umekwisha, au karibu. Kile ulichochimba si mche, ni otea lililochipuka kwenye mzizi wa mti mkubwa. Halina mizizi yake ya kutosha. Hata ungekuwa mche wa mbegu, mti huu una mzizi mkuu unaokwenda chini sana na haupendi kuhamishwa.

Na hapo ndipo penye jibu la babu wa jamaa yako. Msitu wote ule, mara nyingi, ni mti mmoja. Umetambaa chini kwa chini ukatoa maotea, maotea yakawa miti. Miti mia, damu moja. Na mti huu haukubali chavua yake mwenyewe, isipokuwa kwa nadra. Maua yanatoka, yanaangaliana, yanaanguka. Mwambie jamaa apande pembeni ya msitu ule miti miwili ya tunda hilihili yenye damu nyingine, atashangaa.

Kwa hiyo Shenandoah wako peke yake hautoshi. Tafuta wa pili wa aina tofauti: Susquehanna, KSU-Atwood, wowote ule, hata wa mbegu. Mbali na wa kwanza kama mita mbili na nusu au tatu. Aina moja iitwayo Sunflower inasifiwa kwamba inajitosheleza, lakini hata huo ukiwa na jirani unazaa zaidi.

Kuhusu kijiti chako, usiking'oe. Huu mti unachelewa kuvaa majani kuliko karibu yote. Kwangua gome kidogo kwa ukucha. Ndani kijani, subiri. Kahawia na kavu, pole.

Mtu wa Muheza

Mkuu Fundi, "miti mia, damu moja" nimemtumia jamaa. Kasema babu yake alikuwa anailaumu mvua miaka yote ile.

Swali dogo: jua la kutwa ni sawa? Na udongo wangu ni mfinyanzi mzito, mvua ikinyesha maji yanasimama.

Fundi wa Uvira

Jua ni sawa kwa mti mkubwa, ndilo linaloleta matunda. Kwa mche mchanga majani yanaungua. Mwaka huu wa kwanza wekea kivuli: vigingi vitatu na kitambaa chepesi upande wa magharibi kinatosha. Mwakani au mwaka wa pili unaondoa.

Hilo la maji linanitia wasiwasi kuliko jua. Mti unapenda unyevu lakini mizizi haitaki kukaa dimbwini. Chimba shimo karibu na ulipoupanda, jaza maji jioni. Asubuhi ukikuta bado yamo, huo wa pili upande juu ya tuta pana. Matandazo ya majani makavu unene wa kiganja, ila yasiguse shina. Na chochote kitakachochipuka chini ya pale ulipobebeshwa, kata. Hicho si Shenandoah, ni mti mwingine kabisa.

Kulungu hawali majani yake, yana uchungu. Ila dume linapenda kusugua pembe kwenye mashina machanga. Zungushia wavu.

Samaki wa Baltimore

Niongeze la uchavushaji, maana hata ukiwa na miti miwili unaweza kukaa na maua bila tunda. Maua yake ni ya rangi ya damu ya mzee, yanatazama chini, yana harufu kidogo ya kitu kilichoharibika. Nyuki hawana habari nayo. Wanaokuja ni nzi na mbawakawa, na wanakuja wakijisikia.

Wazee wa huku wanatundika mabaki ya nyama kwenye matawi ili kuita nzi. Mimi nikajifanya mjanja, nikatundika vichwa vya samaki. Nzi walikuja. Na rakuni walikuja, wakavunja tawi. Na jirani alikuja, akagonga mlango akiwa kafunika pua. Mama Fatma hajanisamehe, na ilikuwa 2021.

Sasa natumia brashi ndogo ya rangi ya mtoto. Ua la mti huu linaanza kuwa la kike, siku chache baadaye linageuka la kiume. Ua changa, katikati kunang'aa kijani kibichi: hilo ndilo linalopokea. Ua kongwe, ukiligusa linadondosha unga wa kahawia: hilo ndilo linalotoa. Chukua unga kwa mti mmoja, peleka kwenye maua machanga ya mti wa pili. Dakika ishirini jioni, siku tatu nne. Mwaka jana nilipata matunda hadi nikapunguza ili matawi yasivunjike.

Chai ya Rangi

Kwa hiyo mnapanda mti halafu mnaufungisha ndoa wenyewe kwa brashi. Sawa.

Nesi wa Zamu

Samahani kuharibu sherehe. Mtu wa Muheza, mtoto wako alipokula mawili hakuumwa tumbo? Wapo ambao tunda hili linawatibua, wanatapika. Mara ya kwanza mtu aonje kijiko kimoja viwili, asubiri hadi kesho. Ganda na mbegu haviliwi kabisa. Na msije mkalianika likawa kama maembe makavu, watu wengi wamelalamika kuumwa baada ya kula lililokaushwa. Ukitaka kuhifadhi, toa nyama, igandishe.

Lingine. Matunda mengi ya ukoo huu, na hili likiwemo, yana kemikali inayoitwa anonasini, ambayo inadhuru seli za neva. Kule Guadeloupe, mwishoni mwa miaka ya 1990, madaktari walikuta wagonjwa wengi wenye dalili kama za Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, zisizosikia dawa, na wengi wao walikuwa wakila stafeli mara kwa mara na kunywa chai ya majani yake. Haijathibitishwa kwamba stafeli ndiyo iliyosababisha. Lakini nikiona jinsi majani ya mstafeli yanavyouzwa nyumbani kama dawa ya saratani, watu wanakunywa asubuhi na jioni miezi mingi, nakosa amani. Tunda la msimu, wiki tatu kwa mwaka, mimi mwenyewe nakula. Chai ya kila siku sinywi.

Fundi wa Uvira

Nesi yuko sahihi. Mimi siku moja nilikula sita kwa furaha. Sitasimulia usiku ule.

Mkulima wa Makete

Wakuu na sisi wa Makete tuna baridi, Juni na Julai tunaona barafu kwenye majani asubuhi. Nikitumiwa mbegu, naweza kupanda?

Fundi wa Uvira

Ndugu, mti huu hautaki tu kuona baridi, unataka kulala. Unahitaji angalau saa 400 hivi za baridi ya chini ya nyuzi 7, mfululizo wa majira, ndipo uamke na kutoa maua. Kwenu usiku ni baridi, saa nne asubuhi jua linawaka. Utapata majani, tunda ni bahati nasibu ya miaka minane. Panda matomoko ya milimani, yale yenye asili ya milima ya Andes. Ladha ni ileile na hayana makuu. Na mbegu kutoka nje usiingize mfukoni, pitia TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea ya Tanzania, upate kibali.

Samaki wa Baltimore

Mtu wa Muheza, Septemba uende kwenye tamasha lao huko huko Ohio, ziwa Snowden, karibu na Albany. Lipo tangu 1999, na jimbo lenu lilitangaza hili kuwa tunda lake la asili mwaka 2009. Unaonja aina nyingi kabla ya kuchagua, maana nyingine zina uchungu wa mwisho unaokaa kooni. Susquehanna ni tamu hadi inachosha, nyama nzito, mbegu chache. Shenandoah wako ni mpole, unamfaa asiyelijua tunda. Mpe mama watoto huo.

Mtu wa Muheza

Marejesho, wakuu. Nimekwangua kwa ukucha: kijani! Na leo asubuhi kichipukizi cha juu kimeanza kufunguka, kina manyoya ya kahawia kama mgongo wa panya.

Mche wa msituni nimekwangua pia, ni kuni. Makopo ya sebuleni nimeyamwaga. Mbegu moja niliipasua, ndani ilikuwa nyepesi kama ganda la karanga lisilo na karanga.

Nimejaribu lile shimo la maji. Asubuhi yalikuwa yamo, na chura. Kwa hiyo Jumamosi nainua tuta, halafu nafuata Susquehanna. Mama watoto karidhia kwa masharti mawili: usiwe karibu na kamba ya nguo, na asione kichwa cha samaki. Mtoto hakuumwa tumbo, Nesi, ila nimekusikia.

Chai ya Rangi

Nimehesabu. Mti wa kubebesha, miaka mitatu minne. Nitakuja na kijiko changu.