Tiketi ya Iceland imeshuka bei nikakata hapo hapo, naondoka Alhamisi. Naombeni ushauri

Msafiri_K
Wakuu habari zenu. Nipo Copenhagen kimasomo, leo nimeona nauli ya Iceland imeshuka nikakata hapo hapo, mimi na rafiki yangu, tunaenda Alhamisi tunarudi Jumatatu. Kibali cha kuishi tunacho na Iceland ipo ndani ya Schengen (zile nchi za Ulaya zenye viza moja) so viza sio ishu. Plani ni kukodi kagari kadogo tuzunguke kisiwa chote kwa ile barabara namba 1. Ni mwisho wa Septemba hii, je itawezekana? Na nguo tubebe zipi? Nimeitamani hii nchi miaka mingi sana kwa kweli

Baridi_Kali
Nenda mkuu, umefanya vizuri kukata. Ila kuzunguka kisiwa chote achana nako, barabara hiyo ina zaidi ya km 1,300, mwisho wa spidi ni 90 kwenye lami na 80 kwenye changarawe, na kuna madaraja ya gari moja moja ambayo mwenzio akitangulia kufika inabidi umsubiri apite. Mtashinda mnaendesha tu, maporomoko mnayaonea dirishani.

Kaeni kusini. Kutoka Reykjavík, mji mkuu, mnaanza na maporomoko ya Seljalandsfoss, pale unapita mpaka nyuma ya maji yenyewe na lazima ulowe, mbele kidogo Skógafoss inaanguka kama mita 60, mnalala kamji ka Vík. Kesho yake ziwa la Jökulsárlón, mabonge ya barafu yanameguka kwenye barafu kuu yanaelea taratibu kwenda baharini, mengine ya bluu kabisa, mimi pale nilishindwa kuondoka. Ni kama km 370 kutoka Reykjavík so msiende na kurudi siku moja, laleni huko huko.

mama_wa_safari
Nakazia alichosema Baridi_Kali, na naongeza upepo maana watu wanaogopa baridi wanasahau upepo. Kila asubuhi kabla hamjawasha gari fungueni vedur.is muangalie hali ya hewa, na umferdin.is muangalie barabara kama ziko wazi. Wenzetu wanapima upepo kwa mita kwa sekunde, ukiona 20 kwenda juu hiyo ni zaidi ya km 70 kwa saa, tulieni ndani mnywe chai. Na mlango wa gari mwanangu ushike kwa mikono miwili unapofungua, egesha pua ya gari ikitazama upepo unakotoka, upepo wa kule unaukunja mlango kinyumenyume na bima nyingi za magari ya kukodi hazilipi hilo, ulizeni kabla hamjasaini.

Halafu Reynisfjara, ule ufukwe wa mchanga mweusi karibu na Vík. Msiyape mawimbi mgongo hata kwa sababu ya picha. Yanakuja madogo madogo unajisahau, ghafla linakuja moja linapanda mbali kuliko yote na kurudi na mtu. Watu wamekufa pale, watu wazima wenye nguvu zao. Nakuomba sana.

Kaka Dira
Barabara zenye herufi F msiguse na hicho kigari, ni za milimani, sheria inataka 4x4 na zingine zinakatiza mito. Kutoka nje ya barabara pia ni kosa, faini yake kubwa, ule ukoka unachukua miaka kupona. Nguo: koti na suruali visivyopitisha maji, sweta la sufu, buti. Suruali za jeans acheni, zikilowa hazikauki. Maji msinunue, ya bomba ni safi kabisa, ya moto tu ndo yananuka kiberiti sababu yanatoka ardhini. Usiku mawingu yakifunguka tokeni nje ya mji muangalie juu, Septemba ile mianga ya kaskazini (mianga ya rangi inayocheza angani) inaonekana

Msafiri_K
Asanteni sana, kuzunguka tumeshafuta, tunabaki kusini na nimebuku Vík sasa hivi. Mabwawa ya maji moto je, lazima yale ya bei mbaya?

mama_wa_safari
Hapana, karibu kila mji una bwawa la kawaida la manispaa, maji ya moto na bei ya kawaida, wenyeji wenyewe ndo wanapiga stori humo. Ila kabla ya kuingia unaoga na sabuni bila nguo yoyote, ndo utaratibu wao, wanaume kwao wanawake kwao. Taulo beba lako.