Mrejesho: UTI ya mke wangu mjamzito iliyokuwa ikijirudia

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini mke wangu, mwenye ujauzito wa miezi mitano, alirudiwa na UTI ingawa alimaliza dozi ya amoksilini, na ushauri wenu wa kuomba mkojo uoteshwe maabara (ili kujua ni bakteria gani na dawa ipi inawaua) tumeufuata. Alielekezwa kujisafisha, kuacha mkojo wa kwanza upite na kukinga ule wa katikati. Majibu yalionyesha bakteria aina ya E. coli, na mbele ya ampisilini (ya jamii moja na amoksilini) na kotrimoksazoli paliandikwa R, yaani sugu, huku nitrofurantoini ikiwa na S, yaani inawaua. Daktari alimwandikia hiyo, akieleza kwamba huepukwa siku za kujifungua zinapokaribia kwa sababu inaweza kuharibu chembe nyekundu za damu ya mtoto. Siprofloksasini, ambayo duka moja la dawa lilitupendekezea bila kipimo chochote (jambo lililonisikitisha sana), kwa kawaida wajawazito hawapewi. Kuungua wakati wa kukojoa kumekwisha, na mkojo uliooteshwa tena baada ya dozi haukuota kitu. Ataendelea kupimwa kliniki, kwa kuwa bakteria hawa wanaweza kuwamo bila dalili yoyote, wakapanda hadi kwenye figo na kusababisha uchungu kabla ya wakati.